Kivuli Kwanza: Mwongozo wa Kutafuta Pinde za Mvua Zisizo za Kawaida

Watu wengi huuona upinde wa mvua kwa bahati. Mvua imekatika, jua limechomoza, mtu anainua macho na kuukuta umeshatanda. Kwa upinde wa kawaida bahati hiyo inatosha, lakini zipo pinde nyingine, nyeupe, nyekundu tupu, za usiku, za adhuhuri na zilizojirudia, ambazo hutokea na kutoweka bila kuangaliwa kwa sababu aliyekuwa karibu hakujua aelekeze macho wapi na saa ngapi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayetaka kuzitafuta kwa makusudi, hasa anayeishi karibu na ikweta, kuanzia pwani ya Bahari ya Hindi hadi kwenye maziwa makuu. Kifaa kikuu kinachohitajika ni kivuli chako mwenyewe, na ndiyo maana hatua zote zinaanzia hapo.

Hatua ya kwanza: Tazama kivuli kabla ya kutazama anga

Simama jua likiwa mgongoni. Kivuli cha kichwa chako kinakuonyesha mahali palipo kinyume kabisa na jua, na mahali hapo ndipo kitovu cha upinde ulipo. Upinde wa kwanza, yaani ule unaojulikana na wote, ni duara lenye nusu kipenyo cha nyuzi 42 kuzunguka kitovu hicho. Kwa kuwa kitovu kiko chini ya upeo wa macho kwa kiasi kile kile ambacho jua liko juu yake, jua likipanda kupita nyuzi 42 duara lote huzama ardhini, na mtu aliyesimama mahali tambarare hawezi kuliona angani hata mvua inyeshe vipi mbele yake.

Huhitaji chombo cha kupimia pembe ili kujua jua liko wapi. Kivuli kikiwa sawa na kimo chako, jua liko nyuzi 45. Kikizidi kimo kwa sehemu moja ya kumi hivi, jua liko nyuzi 42, na kuanzia hapo kadiri kivuli kinavyorefuka ndivyo upinde unavyopanda, mpaka jua linapogusa upeo wa macho na upinde kuwa nusu duara kamili. Kwa hiyo kanuni ya kukumbuka ni fupi: kivuli kikiwa kirefu kuliko wewe, tafuta upinde upande wa kivuli, kikiwa kifupi kuliko wewe, usipoteze muda upande huo, nenda moja kwa moja kwenye hatua ya kumi na moja.

Karibu na ikweta kanuni hii inageuka kuwa ratiba. Jua hupanda kwa kasi ya karibu nyuzi 15 kwa saa, hivyo Dar es Salaam, kwa mfano, mtu aliye ardhini hatauona upinde angani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri katika mwezi wowote wa mwaka. Kigoma, iliyo mbali upande wa magharibi lakini inayotumia saa ile ile ya taifa, vipindi hivyo huchelewa kwa takriban dakika 40. Mvua za masika na za vuli zinazonyesha jioni kwa vipande vipande, huku upande wa magharibi ukiwa wazi, ndizo zinazofaa zaidi. Mvua ya kutwa nzima inayofunika anga lote haina faida kwa mtafutaji.

Hatua ya pili: Jifunze kupima anga kwa shubiri

Nyoosha mkono wako kikamilifu na ukunjue vidole. Shubiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, hufunika takriban nyuzi 20 za anga. Ngumi hufunika kama nyuzi 10, na upana wa kidole gumba kama nyuzi 2. Vipimo hivi vinafaa kwa mtoto na kwa mtu mzima kwa sababu mwenye kiganja kidogo kwa kawaida ana mkono mfupi pia.

Sasa weka shubiri mbili kutoka kwenye kivuli cha kichwa chako kuelekea juu, kushoto au kulia: hapo ndipo upinde wa kwanza utakapokuwa. Ongeza nusu shubiri, umefika kwenye upinde wa pili. Ukizoea kipimo hiki utaweza kutambua mahali hasa pa kukodolea macho kabla rangi hazijatokea, na hilo ni muhimu sana kwa pinde hafifu ambazo jicho lisilotarajia huzipita.

Hatua ya tatu: Elewa kinachotokea ndani ya tone moja

Hatua hii haihitaji kutoka nje, lakini usiiruke, kwa kuwa pinde zote za ajabu zitakazofuata ni mabadiliko madogo ya jambo hili moja.

Nuru ya jua ikiingia kwenye tone la maji hupinda, huakisiwa na ukuta wa nyuma wa tone, kisha hupinda tena inapotoka kurudi upande ilikotoka. Mwale unaopita katikati kabisa ya tone hurudi moja kwa moja kuelekea jua. Mwale unaoingia mbali kidogo na katikati hurudi kwa pembe, na kadiri unavyoingia karibu na ukingo pembe hiyo huongezeka, lakini ina ukomo: kwa nuru nyekundu ikifika nyuzi 42 na kidogo haiongezeki tena, bali huanza kupungua. Kama mpira uliorushwa juu unavyokawia kileleni kabla ya kuanguka, ndivyo miale mingi inavyojikusanya karibu na pembe hiyo ya ukomo, na msongamano huo wa nuru ndio upinde. Nuru ya urujuani hupinda zaidi ndani ya maji, hivyo ukomo wake ni mdogo, karibu nyuzi 40 na nusu, na tofauti hiyo ya nyuzi 2 ndiyo inayoupa upinde upana wake wa kidole gumba, nyekundu ikiwa nje na urujuani ndani. Miale yote iliyotoka kwa pembe ndogo zaidi ya ukomo huchanganyika na kuwa nuru nyeupe. Utazame upinde wowote mkali na utaona kwamba anga lililo ndani yake ni jeupe kuliko lililo nje.

Ujuzi huu una historia ndefu. Mwanzoni mwa karne ya 14, Kamal al-Din al-Farisi huko Uajemi na mtawa Theodoric wa Freiberg huko Ujerumani, bila mmoja kujua kazi ya mwenzake, walichukua tufe la kioo lililojazwa maji kuwa mfano wa tone kubwa, wakafuatilia njia ya nuru ndani yake na kugundua kupinda mara mbili na kuakisiwa mara moja. Mwaka 1637 René Descartes alikokotoa pembe ya nyuzi 42 kwa kufuata mwale mmoja baada ya mwingine. Ukipata chombo cha kioo cha mviringo kisicho na nakshi, ukakijaza maji safi na kukishika juu kidogo ya usawa wa macho jua likiwa nyuma yako, unaweza kuiona nukta nyekundu iking'aa ukingoni na kubadilika rangi unapokishusha taratibu. Hapo unakuwa umeona kwamba kila tone hukupelekea rangi moja tu kwa wakati mmoja, na kwamba aliyesimama kando yako anauona upinde wake mwenyewe, uliotokana na matone mengine.

Hatua ya nne: Tafuta upinde wa pili na ukanda wa giza

Sehemu ya nuru huakisiwa mara mbili ndani ya tone kabla ya kutoka. Nuru hiyo huunda upinde wa pili, kwenye nyuzi 51 hivi, mpana zaidi, hafifu zaidi na wenye rangi zilizopinduka: nyekundu iko ndani, urujuani uko nje. Watu husema upinde maradufu ni nadra, lakini kwa kweli hutokea mara nyingi kuliko tunavyodhani. Kinachokosekana ni kuutafuta. Kila uonapo upinde wa kwanza ulio mkali, panda nusu shubiri kutoka kwenye ukingo wake wa nje, ukianzia karibu na ardhi ambako rangi huwa nzito, na mara nyingi utaukuta.

Kati ya pinde hizo mbili kuna ukanda wa anga ulio mweusi kuliko anga lingine lote, kwa kuwa nuru iliyoakisiwa mara moja haiwezi kufika nje ya nyuzi 42 na iliyoakisiwa mara mbili haiwezi kufika ndani ya nyuzi 50. Ukanda huo unaitwa kwa jina la Alexander wa Aphrodisias, mwanafalsafa aliyeueleza yapata mwaka 200. Kwangu mimi ukanda huo unapendeza kuliko rangi zenyewe, kwa sababu unaonekana kama upungufu wa nuru angani, nao huonekana waziwazi zaidi wingu lililo nyuma ya mvua likiwa la kijivu kizito.

Kama una miwani ya jua ile inayoondoa mng'ao juu ya maji, inayoitwa ya polaraizi, ivue na uishike mbele ya jicho moja, kisha izungushe taratibu. Sehemu ya upinde itafifia karibu kupotea na baadaye kurudi. Hii ni kwa sababu nuru ya upinde, inapoakisiwa ndani ya tone, huchujwa na kubaki ikitetema kwa mwelekeo mmoja unaofuata mzingo wa upinde. Anayevaa miwani ya aina hii akiwa nje anaweza kuukosa upinde uliopo mbele yake, kwa hiyo ivue kila unapotafuta.

Hatua ya tano: Chungulia ndani ya upinde

Chini ya urujuani wa upinde wa kwanza, hasa kileleni, wakati mwingine hutokea mikanda myembamba ya kijani hafifu na waridi, mmoja chini ya mwingine, miwili, mitatu, hata minne. Kwa muda mrefu mikanda hii haikuwa na maelezo, kwa kuwa hesabu za Descartes hazina nafasi yake. Mwaka 1804 Thomas Young alionyesha kwamba inatokana na nuru kuwa mawimbi: miale miwili inayotoka kwenye tone kwa pembe moja imepita njia zenye urefu tofauti, na mawimbi yake yanapokutana huongezana au hufutana. George Airy aliikamilisha hesabu hiyo mwaka 1838.

Ili uione, chagua manyunyu. Matone yanapaswa kuwa madogo, chini ya milimita moja, na yenye ukubwa unaolingana, kwa sababu kila ukubwa una nafasi yake ya mikanda na matone yaliyochanganyika huifuta yote. Mvua kubwa inapoanza kupungua na matone kuwa membamba, usiondoke: hiyo ndiyo dakika yake. Kwa upande mwingine, matone makubwa ya milimita 1 hadi 2 hutoa nyekundu safi na kijani kikali, hivyo ukishazoea utaweza kukadiria ukubwa wa matone kwa kuangalia rangi tu.

Kuna jambo adimu zaidi, nalo ni upinde wa kwanza kupasuka kuwa matawi mawili yanayoanzia mguu mmoja na kuachana kuelekea kileleni. Usiuchanganye na upinde wa pili, kwani matawi haya yote yana nyekundu nje na hayana ukanda wa giza kati yake. Hutokea pale mvua mbili zenye matone ya ukubwa tofauti zinapokutana mbele yako: matone makubwa hubanwa na hewa yanapoanguka na kuwa bapa, hivyo upinde wake hukaa chini kidogo ya ule wa matone madogo yaliyo mviringo.

Hatua ya sita: Subiri jua linapozama

Kivuli kikirefuka mpaka kupotea mbali, nuru ya jua huwa imepita katika hewa nyingi iliyotawanya bluu na kijani njiani. Kilichobaki ni wekundu, na upinde unaotokea ni mwekundu mtupu au wenye machungwa kidogo, ukiwa nusu duara nzima. Hudumu dakika chache. Hakuna ujanja wa kuupata zaidi ya kuwa nje mahali palipo wazi pande zote mbili, magharibi kwa ajili ya jua na mashariki kwa ajili ya mvua. Asubuhi ni kinyume chake. Hata jua linapokuwa limeshazama kwako, mvua iliyo juu bado inaweza kupata nuru yake kwa muda mfupi, na kipande cha juu cha upinde kikabaki kinang'aa bila miguu.

Hatua ya saba: Tumia ziwa kama kioo

Hili ndilo jambo ambalo wakazi wa maziwa makuu wana nafasi nzuri ya kuliona. Maji yaliyotulia nyuma yako huakisi jua, na nuru inayoruka kutoka majini kwenda juu huipiga mvua iliyo mbele yako kana kwamba kuna jua la pili chini ya upeo wa macho. Jua hilo la pili lina upinde wake, na kwa kuwa liko chini, kitovu cha upinde huo kiko juu ya upeo wa macho. Matokeo yake ni upinde wa ziada wenye miguu inayoanzia pale pale ulipo mguu wa upinde wa kawaida, lakini unaosimama wima zaidi na kupanda juu yake, ukipita kati ya upinde wa kwanza na wa pili.

Mahali pa kusimama hutegemea uko ufuko upi. Kwenye ufuko wa magharibi wa ziwa, kama Bukoba kwenye Ziwa Viktoria au Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika, jitayarishe asubuhi, jua likiwa juu ya maji nyuma yako na mvua ikiwa juu ya nchi kavu mbele yako. Kwenye ufuko wa mashariki, kama Musoma au Kigoma, wakati wake ni jioni. Pwani ya Bahari ya Hindi ni asubuhi, ila mawimbi huivunja taswira ya jua na kuufanya upinde uwe nguzo tu zilizofifia. Mji Mkongwe wa Zanzibar, unaotazama magharibi, una nafasi jioni bahari ikiwa shwari na mvua iko upande wa shamba. Tazama mguu wa upinde, mahali unapogusa ardhi. Ukiona mguu umegawanyika na tawi moja linapanda wima, umeupata, hata kama kilele chake hakionekani kabisa.

Hatua ya nane: Panda kwenye ukungu na juu ya mawingu

Matone ya ukungu ni madogo mno, kipenyo chake kikiwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na kwa udogo huo nuru hutawanyika kiasi kwamba rangi hupandana na kurudi kuwa nyeupe. Upinde wa ukungu kwa hiyo ni mweupe, mpana kuliko ule wa mvua mara mbili au zaidi, ukiwa na wekundu hafifu nje na ubuluu ndani. Maeneo yenye ukungu wa asubuhi, kama Lushoto, Limuru, milima ya Rungwe na ukingo wa kreta ya Ngorongoro, yanafaa sana. Kanuni ya kivuli haibadiliki: jua nyuma, shubiri mbili kasoro kidogo kutoka kwenye kivuli cha kichwa, na ukungu uwe mwembamba kiasi cha kuruhusu jua kupenya. Simama mahali ambapo ukungu unaanza kufumuka, kwani ndani ya ukungu mzito huoni chochote.

Ukiwa juu ya mawingu, mlimani alfajiri au ndani ya ndege, tazama kivuli chenyewe. Pete za rangi huweza kukizunguka, nyekundu ikiwa nje, nyuzi chache tu kutoka katikati. Wapandaji wawili waliosimama pamoja huona vivuli vyote viwili kwenye wingu, lakini kila mmoja huona pete kuzunguka kichwa chake tu. Mwezi Septemba mwaka 1894 mwanafizikia C. T. R. Wilson aliona pete hizi kwenye kilele cha Ben Nevis huko Uskoti, akaazimia kuyatengeneza mawingu maabara, na kazi hiyo ilizaa chombo cha kuonyesha njia za chembe ndogo kuliko atomu kilichompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Kwenye ndege, chagua dirisha la upande usio wa jua: katika safari ya asubuhi kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza ni upande wa kushoto, mbele au nyuma ya bawa. Kivuli cha ndege kikikaribia wingu, pete ndogo zitakizunguka, na kitovu chake kitakuonyesha siti uliyokaa ndani ya kivuli hicho.

Hatua ya tisa: Fuata mwezi mpevu

Nuru ya mwezi hutengeneza upinde kwa njia ile ile. Masharti ni mawili: mwezi uwe mpevu, au iwe siku mbili tatu kabla au baada ya upevu wake, na uwe chini ya nyuzi 42, yaani kivuli chako cha mbalamwezi kiwe kirefu kuliko wewe. Mwezi mpevu huchomoza jua linapozama, kwa hiyo saa mbili au tatu za mwanzo wa usiku na saa kama hizo kabla ya alfajiri ndizo zinazofaa.

Mvua ya usiku na mwezi safi havikutani mara nyingi, hivyo wanaotaka uhakika huenda kwenye maporomoko makubwa. Yanayojulikana zaidi barani Afrika ni Mosi-oa-Tunya, au Victoria Falls, kwenye mpaka wa Zambia na Zimbabwe, yenye upana wa zaidi ya mita 1,700 na kimo cha takriban mita 108, ambako hifadhi za pande zote mbili huruhusu wageni kuingia usiku wa mwezi mpevu. Nenda katika miezi ambayo mto Zambezi una maji mengi, kuanzia mwishoni mwa masika hadi Julai, kwa sababu kuelekea Oktoba rasharasha hupungua sana, hasa upande wa Zambia.

Usitarajie rangi kwa macho. Mwezi mpevu una mwangaza mdogo kuliko jua kwa karibu mara 400,000, na katika giza kiasi hicho sehemu ya jicho inayotambua rangi haifanyi kazi vizuri, hivyo utaona tao jeupe linaloyumba katika mvuke. Kamera iliyowekwa juu ya mguu imara na kuachwa wazi kwa sekunde 10 hadi 30 itaonyesha rangi zote, kwa maana rangi zilikuwepo muda wote. Zima tochi yako na ya simu, yape macho dakika 20 kuzoea giza, na usivuke kizuizi chochote, kwani mawe yaliyoloa huteleza.

Hatua ya kumi: Tengeneza au fuata rasharasha

Kwenye rasharasha kanuni ya nyuzi 42 haikulazimishi tena kusubiri asubuhi au jioni, kwa sababu matone yanaweza kuwa chini yako. Juu ya maporomoko ya Murchison nchini Uganda, ambako Mto Nile hujipenyeza katika ufa wenye upana wa mita 7 hivi na kuanguka zaidi ya mita 40, upinde huonekana chini ya miguu ya mtazamaji. Nyumbani, tumia bomba la maji: bana mdomo wake hadi maji yatoke kama manyunyu laini, jua likiwa juu na mgongoni, yarushe mbele na chini yako, na upinde utafunga duara zima kuzunguka kivuli chako.

Msafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ana jambo la pekee la kuangalia. Simama upande wa kivuli, uangalie povu linalorushwa na ubavu wa boti. Upinde unaotokea hapo ni wa maji ya chumvi, ambayo hupinda nuru zaidi kidogo kuliko maji ya mvua, na duara lake ni dogo kwa karibu nyuzi moja. Siku mvua inaponyesha mbali baharini huku povu likiruka karibu nawe, utaona pinde mbili zisizoungana: wa mvua unashuka hadi kwenye maji, na kipande cha upinde wa povu kinaanza ndani yake kwa nusu ya upana wa kidole gumba.

Hatua ya kumi na moja: Adhuhuri, geukia upande wa jua

Kivuli kimekuwa kifupi na upinde wa mvua hauwezekani tena. Hapo ndipo sisi wa ikweta tunapopata kitu ambacho wakazi wa Ulaya hukingojea hadi katikati ya kiangazi, na wa nchi za kaskazini zaidi hawakioni kabisa.

Mawingu membamba ya sirasi yaliyo juu sana yana chembe za barafu zenye umbo la bapa na pembe sita, zinazoelea zikiwa zimelala. Jua likiwa juu ya nyuzi 58, nuru huingia ubavuni mwa chembe hizo na kutokea chini yake, ikigawanyika rangi kwa usafi unaoushinda upinde wa mvua. Matokeo yake ni ukanda mrefu wa rangi uliolala sambamba na upeo wa macho, nyekundu ikiwa juu, shubiri mbili na kidogo chini ya jua. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko sehemu mbili za tatu za kimo chako hivi, anza kutazama. Nairobi na Mombasa jua hufika kimo hicho kila siku ya mwaka, na hata Dar es Salaam mwezi Juni hukifikia, japo kwa muda mfupi karibu na saa sita na nusu mchana. Mtwara, iliyo kusini zaidi, hukikosa katika Juni. Picha za ukanda huu husambazwa kwenye simu kama ajabu lisilo na maelezo. Aliyejua kipimo chake hulitafuta kila sirasi inapotanda.

Kwa kuwa unatazama upande wa jua, usalama wa macho unatangulia. Simama ili ukingo wa paa, nguzo au kiganja kilifunike jua lenyewe kabisa, na usitegemee miwani ya jua. Katika mkao huo huo utaona mara nyingi duara la jua, lililo shubiri moja kulizunguka pande zote, ambalo nalo ni la barafu. Asubuhi au jioni, kivuli kikiwa kimezidi kimo chako mara moja na nusu na zaidi, chembe hizo hizo hutoa tao dogo karibu na utosi wa anga, tumbo lake likielekea jua. Wachache huliona, kwa vile hakuna anayeinua kichwa kiasi hicho.

Hatua ya kumi na mbili: Piga picha, kisha jaribu upinde wa tatu

Upinde mzima una upana wa nyuzi 84, na lenzi ya kawaida ya simu haiwezi kuuchukua wote. Tumia lenzi pana ya simu, au kwenye kamera kubwa lenzi ya milimita 18 au chini yake. Gusa skrini mahali penye wingu jeusi na upunguze mwangaza kidogo ili rangi zisifubae. Andika papo hapo saa, mahali, urefu wa kivuli chako ukilinganisha na kimo, na kama mvua ilikuwa manyunyu au matone makubwa, kwani picha isiyo na maelezo hayo haiwezi kutofautisha upinde wa ziwa na upinde uliopasuka. Radi zikisikika, acha kila kitu uingie ndani. Mtu aliyesimama peke yake ufukoni au kwenye uwanja yuko hatarini.

Nuru iliyoakisiwa mara tatu ndani ya tone haitokei upande wa kivuli, bali hulizunguka jua lenyewe kwa nyuzi 40 hivi, ikimezwa na mng'ao. Kwa karne nyingi upinde huo wa tatu ulijulikana kwa hesabu na kwa ushahidi wa macho ya watu wachache tu, mpaka mwaka 2011 ulipopigwa picha nchini Ujerumani, na mwaka huo huo ukafuatiwa na picha ya upinde wa nne. Ili kuujaribu unahitaji jua kali lililo chini, likiwa limefichwa na ukingo wa jengo au wingu dogo, mvua kubwa kati yako na jua, na wingu jeusi nyuma ya mvua hiyo. Elekeza kamera shubiri mbili kutoka kwenye jua, kushoto au kulia, piga picha nyingi mfululizo bila kusogeza kamera, kisha nyumbani ziunganishe kwa programu ya kuhariri picha na uongeze utofauti wa rangi. Upinde wa kwanza na wa pili ukiwa mkali mno nyuma yako, huo ndio wakati wa kugeuka na kujaribu.